Dawa ya Kutu kwa Gari la Marehemu

Kuna mwanamke anayemwonea wivu jirani yake, na kuna anayemwonea wivu dada yake wa tumbo moja, na wote hao mtu anaweza kuwaelewa. Angèle yeye alilionea wivu gari. Msicheke! Toyota Carina ya zamani, rangi ya maziwa, taa moja imeshikwa na waya, imelala uwanjani chini ya paa la bati. Haisemi, haipiki, haivai kitenge. Lakini kila asubuhi Angèle alipoketi barazani na cherehani yake, akainua macho apitishe uzi kwenye sindano, alilikuta pale mbele yake limemkodolea, na roho yake ikachafuka siku nzima.

Gari hilo lilikuwa la Elise, na Elise alikuwa bibi ya Séraphin, mke wake wa ndoa, na Elise alikuwa amekufa. Huyo ndiye aliyekuwa mpinzani wake. Mwanamke aliye hai unaweza kumtukana sokoni, unaweza kumshinda kwa kupika, unaweza kungoja azeeke. Marehemu utamfanya nini? Hazeeki, hakosei, haunguzi bukari, ule ugali wetu. Na huyu Elise hakuwa mtu wa hivi hivi. Soko lote la Manika lilimjua. Alikuwa akienda Nzilo kuchukua samaki kwa wavuvi, anajaza buti mpaka gari linalalia magurudumu, anarudi, anauza mpaka samaki wa mwisho. Gari alilinunua kwa jasho lake mwenyewe, Séraphin hakuchangia hata kioo. Na mpaka leo, miaka mitatu tangu azikwe, mvua ikinyesha buti ile inanuka samaki.

Angèle aliingia nyumbani kwa Séraphin, fundi wa umeme katika mgodi mmoja wa shaba, na cherehani yake na sanduku moja la nguo. Aliingia, lakini hakuolewa. Kwao Séraphin, Baluba wa kaskazini, mwanamume aliyefiwa haoi tena hivi hivi. Ni lazima watu wa marehemu waje wamwachilie. Wanampaka pemba, ile chokaa nyeupe, mikononi na kifuani, wanamwambia mbele ya watu: nenda, tumekuachia. Kabla ya hapo wajomba wa mwanamke mpya hawapokei mahari, na mwanamke anayelala humo ndani anahesabiwa kama mgeni aliyekawia kuondoka. Mama yake Elise, mama Kabedi, alikuwa anaishi Mutshatsha, na kila alipotumiwa ujumbe alijibu neno moja: bado.

Basi Angèle alikuwa akitaka kitu kimoja tu hapa duniani, kuitwa bibi ya Séraphin mbele ya watu. Kanisani aliitwa mama Angèle. Sokoni wengine walimwita, kwa mdomo uliopinda, mama wa kwa Séraphin. Alikuwa anasikia, anameza, anashona.

Sasa tuje kwenye kutu. Hapa mjini Kolwezi kutu haihitaji bahari. Kuna vumbi jekundu, kuna mvua za miezi na miezi, na kuna malori ya asidi. Asidi hiyo inapelekwa migodini kuyeyusha mawe yatoe shaba, na lori likivuja barabarani, yale matope yanayobaki yanakula kiatu, yanakula mguu wa kuku, seuze bati la gari. Kwa hiyo kila mwaka, mvua zikikaribia, Séraphin alipeleka Carina kwa Kazadi, mwenye gereji karibu na reli, ioshwe chini, ikauke, halafu ipakwe dawa ya kutu, ile nyeusi nzito kama lami. Gari lenyewe halikwenda popote ila kanisani Jumapili! Na paa la baraza, palipo na cherehani, lilikuwa linavuja. Séraphin aliambiwa. Alisema tutaona.

Jirani yao Stanislas, mtu asiyeweza kupita uwanja wa mwenzake bila kutoa maoni, alisimama siku moja kwenye ua akamwona Séraphin amelala chali chini ya gari.

"Tata Séraphin, ile feza unaitupa mu maji," akasema. "Motokari ni chuma, na chuma inakufaka. Mwangia tu huile ya vidange, ile mafuta ya zamani ya moteri, kule chini, bien."

"Huile ya vidange inakamata vumbi tu."

"Na ile dawa yako, antirouille, inakamata nini? Inakamata mufuko yako!"

Angèle alicheka kwa nguvu kule barazani, kicheko cha kusikika. "Mumuambie, tata Stanislas! Mi hanisikiake."

"Ikipata kutu, mi nitasema nini?" Séraphin akauliza kutoka chini ya gari.

"Utasema kwa nani?" Angèle akadakia. "Ni nani anakuuliza?"

Séraphin aliendelea kupapasa bati. Mkono wake ulikuwa unapita chini ya mlango polepole, polepole, kama wa mtu anayempaka mtoto mafuta. Angèle aliutazama mkono ule. Alitazama goti lake mwenyewe chini ya kitenge, akajiuliza ni lini mara ya mwisho alishikwa hivyo. Sindano ikamchoma kidole. Alimlaani Elise kimoyomoyo, halafu akafanya ishara ya msalaba, halafu akamlaani tena.

Haya. Mwaka ule, mwanzo wa mvua, lori moja la asidi lilivuja kwenye barabara ya kwenda migodini. Séraphin alikuwa amelichukua gari siku hiyo kumkimbiza mwenzake hospitali, akapita humo humo, akarudi gari limejaa matope ya manjano mpaka kwenye milango. Na kabla hajavua viatu, simu ikalia: mashine imekufa mgodini, mafundi wote waje, walale huko huko kambini mpaka ipone.

"Kesho Kazadi atakuya kuchukua motokari," alimwambia Angèle akijaza nguo kwenye begi. "Umwambie aoshe chini muzuri, muzuri sana, ile asidi itoke yote. Aache ikauke mu jua. Kisha njo apakae. Unasikia?"

"Nasikia."

Akatoka. Alipofika kwenye gari akasimama, akalipapasa bega, pap pap, akalisemesha kitu kwa sauti ya chini. Halafu kutoka getini, bila kugeuka vizuri, akamrushia Angèle: "Bakia muzuri!"

Jamani. Gari limepapaswa bega, yeye karushiwa neno la getini. Kama kuna kitu kilichokuwa kimebaki kimefungwa ndani ya Angèle, pale kilifunguka.

Kwa sababu alijua la kufanya. Mwaka uliotangulia alikuwa amekwenda na Séraphin gereji, akamsikia Kazadi akieleza kwa mdomo wake: dawa hii ukiipaka juu ya matope, matope yanabaki ndani na asidi yake, yanakula chuma kimya kimya, na wewe kwa nje unaona weusi unang'aa tu. Na vile vitundu vidogo chini ya milango usivizibe, maji ya mvua yanatokea humo. Séraphin alikuwa akitikisa kichwa kama mwanafunzi. Angèle yeye alikuwa anatazama pembeni, lakini masikio yake yalikuwa kazini.

Kazadi alikuja asubuhi na mapema, ana haraka, magari mengine yanamngojea.

"Bwana alisema musioshe," Angèle akamwambia, macho makavu. "Anaitaka leo leo. Mupakae tu. Na bile bitundu bya chini ya milango, muzibe byote, maji isiingie."

Kazadi alimtazama. "Mama, ile ni kuiharibu."

"Weye njo mwenye motokari?"

"Apana, mama, lakini..."

"Lakini nini? Mi nakupatia maneno ya bwana, weye unanipatia lakini?"

Kazadi akainua mabega. Mteja kasema, mteja anasikilizwa. "Sawa. Siku akiuliza, mi nitasema ni weye ulisema."

Angèle alikwenda naye mpaka gereji, akasimama pale na mwavuli wake akitazama. Dawa nyeusi ikashuka juu ya matope ya manjano, ikayafunika, ikaziba kila tundu. Alikuwa na furaha. Hakuna haja ya kumtetea, alikuwa na furaha tamu kabisa, ya kumfanya aimbe akirudi. "Kaa humo," alisema moyoni. "Kaa humo, Elise. Tuone nani atatoka kwanza."

Séraphin aliporudi aliinama akatazama chini ya gari, akaona weusi unang'aa, akashukuru. Alimshukuru yeye, Angèle! Siku hiyo hata alimletea kuku.

Mvua zikanyesha, zikaisha. Kiangazi kikaja na vumbi lake. Gari likawa linang'aa, na Angèle akawa mpole, mpaka Stanislas akamuuliza mkewe kama yule mama amepata ujauzito. Hakuwa na ujauzito. Alikuwa na siri, na siri ilikuwa inamnenepesha. Kila Jumapili Séraphin alipokung'uta kiti akakaa, Angèle alisikiliza kama kuna kitu kinalia chini. Akisikia kri, kri kidogo, chakula cha mchana kilikuwa na ladha.

Ndipo akaja Kalenga, kaka yake Elise. Alishuka kwenye basi dogo kutoka Mutshatsha, mtu mkubwa wa mwili, mchoma makaa, kucha nyeusi, hana maneno mengi. Alikunywa maji, akapangusa mdomo.

"Mama amekubali," akasema. "Juma inayokuya tunakuya na batu ya familia. Tutakuachia, shemeji. Utaoa."

Angèle alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Alitaka kupiga vigelegele, alitaka kukimbia mpaka sokoni Manika na kumwambia kila mdomo uliopinda.

"Na ile tulisemaka," Kalenga akaendelea, "mama anaishikilia. Kwanza funguo ya motokari, kisha pemba. Motokari ilikuwa jasho ya mutoto yake. Anataka kuiona mu kiwanja yake, tena anataka kurudia ndani yake siku ile ile."

"Iko tayari," Séraphin akasema, na uso wake ulikuwa unawaka kwa fahari. "Kila mwaka niko naipakaa antirouille. Mutakuta kama vile aliiacha."

Angèle akaweka sinia chini.

Kalenga alipokwenda kuwasalimu ndugu zake upande wa pili wa mji, Angèle alimgeukia bwana wake. "Ile motokari... ulikuwa unaitunza juu ya kuwarudishia?"

"Juu ya nini ingine? Mama Kabedi aliiomba tangu kilio. Alisema siku moyo yake itatulia atakuya kuichukua, na siku ile ataniachia. Sikujua ni lini. Ningeacha ioze, ningempatia nini?"

"Na juu ya nini hukuniambia?"

Séraphin alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nikuambie namna gani, Angèle? Kila nikitaja jina ya Elise unapiga sufuria chini, unaenda kulala bila kula. Mi niliona heri ninyamaze, siku moja utaona wewe mwenyewe."

Wee! Hebu fikirieni. Ile dawa yote, ule mkono unaopita polepole chini ya mlango, ile feza iliyonyimwa paa la baraza, yote ilikuwa ni njia ya kumfikisha yeye kwenye kitu anachokitaka. Na yeye kwa mikono yake ameifungia asidi ndani, akaifunika, akaziba. Angèle alikwenda nyuma ya jiko akakaa juu ya kigunia cha makaa. Hakulia. Na hata pale, wivu haukuwa umetoka. Ulikuwa unamwambia: unaona? Hata ukiolewa, utaolewa kwa ruhusa ya Elise.

Kesho yake Séraphin alipokwenda kazini, Angèle alimleta Kazadi nyumbani. Kazadi akalala chini ya gari na bisibisi. Akagusa hapa, akagusa pale. Pale penye mguu wa dereva akasukuma kidogo tu, na bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini.

"Nilikuambia," akasema.

"Inatengenezeka?"

"Kuondosha bitu byote bya chini, kukata, kusoudea bati mupya na moto. Juma nyingi, mama. Si juma moja."

"Basi paka. Paka juu, isionekane!"

Kazadi akatoka chini ya gari, akasimama, akajikung'uta. Alimtazama kama anayetazama mgonjwa. "Mi sipake tena. Dawa njo inashikilia ile motokari sasa. Chuma ilishaisha zamani."

Zikabaki siku chache, na Angèle alizipitisha akiomba. Aliomba gari lifike tu Mutshatsha, livunjikie huko, wao wenyewe waseme ni barabara mbovu. Halafu akamfikiria mama Kabedi, mzee wa watu, ameketi mbele kando ya mwanawe, na daraja, na mto chini. Akaacha kuomba hilo. Akaomba lisiwake kabisa. Lakini lilikuwa Toyota. Séraphin alipolijaribu, liliwaka mara moja.

Siku yenyewe ilifika na jua kali. Familia ya Elise ilijaza uwanja: mama Kabedi amevaa kitenge cha bluu, mdogo, mkavu, macho hayatulii, Kalenga, shangazi wawili, wajomba. Upande wa Séraphin walikuwapo ndugu zake, na Stanislas bila shaka, na nusu ya mtaa imeegemea ua. Angèle alikuwa amepika tangu alfajiri. Alijishonea gauni jipya, kwa sababu hii ndiyo siku aliyokuwa anaingojea, na gauni lilimkaa vizuri.

Mama Kabedi hakumsalimu. Alipita kando yake, akaenda moja kwa moja kwenye gari. Akaweka kiganja juu ya boneti. Akafungua buti, akainamisha kichwa ndani, akavuta pumzi, na alipoinua kichwa mashavu yalikuwa yameloa.

"Bado iko harufu yake," akasema.

Angèle naye alisimama na vijiko mkononi, na mumjue alivyo: katikati ya hofu yake yote, wivu ulimchoma hapo hapo. Akifa yeye, nani atanusa nini?

Séraphin akapiga goti, akatoa ufunguo kwa mikono miwili. Kalenga akaupokea. Mama Kabedi akakaa kwenye kiti, akafungua fundo la kitambaa, pemba ikaonekana, nyeupe kama unga. "Washa kwanza," akamwambia mwanawe, "nisikie sauti yake."

Kalenga akafungua mlango. Akaweka mguu ndani, akakaa kwa uzito wake wote.

Krrak! Kiti kikalala upande, sakafu ikafunguka, na mguu wa Kalenga ukatokea chini ya gari, kiatu kizima juu ya vumbi. Matope makavu ya manjano yakamwagika pamoja na vipande vya chuma vilivyokuwa vyembamba kama maganda ya kitunguu. Mtu mmoja kwenye ua akacheka, akazibwa mdomo.

Walimvuta Kalenga. Suruali ilikuwa imechanika na shavu la mguu linatoka damu. Aliinama, akaokota kipande cha sakafu, akakivunja kwa vidole viwili mbele ya uso wa Séraphin.

"Hii njo antirouille yako?"

"Shemeji, mi nilipakaa. Kila mwaka! Mungu anaona..."

"Bongo, unadanganya! Uliacha dada yetu aoze! Ulipaka juu, ili tuone weusi, kumbe ndani umemutupa. Mama, simama. Twende. Huyu hatumuachie leo, hatumuachie kesho. Atafute familia ingine ya kumuachia."

Mama Kabedi alifunga fundo la kitambaa juu ya pemba, polepole, akalikaza. Wajomba wakasimama. Séraphin alikuwa bado amepiga goti, anatazama lile tundu, mdomo wazi. Alikuwa haelewi. Miaka yote ile mgongo chini, na watu wanamwita mwongo katika uwanja wake mwenyewe.

Angèle akaona yote yanakwenda. Akinyamaza, hakuna mtu atakayejua, Kazadi hakuwapo. Akinyamaza, Séraphin atabaki mwongo na yeye atabaki mama wa kwa Séraphin mpaka azeeke. Akisema, atafukuzwa jua hili hili. Vijiko vikamwanguka.

"Ni mi," akasema.

Wakageuka.

"Ni mi niliiharibu. Yee alisema ioshwe, mi nilimwambia mutu wa gereji asioshe. Ilikuwa na asidi ya barabara, nikasema apakae juu. Nikasema azibe matundu yote. Mulizeni Kazadi." Sauti ilikuwa inapanda, hakuweza tena kuishusha. "Nilikuwa na wivu! Kila siku yee na ile motokari, kila siku Elise, Elise hata bila kutajwa. Mi niko na mwili, niko na mikono, nilikuwa napika, na alikuwa anaishika ile motokari kuliko mi. Nilitaka ife. Nilitaka mutoto yenu afe mara ya pili, atoke mu nyumba. Bwana hana kosa. Mumupake pemba. Mi nitaenda."

Shangazi mmoja akashika kichwa. Séraphin alimgeukia Angèle, akamtazama kama mtu anayeuona uso huo kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa mabaya, mabaya kweli. Hakumtukana. Ingekuwa afadhali amtukane.

Mama Kabedi alisimama, akamwendea Angèle mpaka pua zikakaribiana. Watu walidhani atampiga. Angèle mwenyewe alifumba macho.

"Unajua juu ya nini nilikuwa nasema bado?" mzee akauliza. "Unajua? Batu walinifikia kule Mutshatsha, wakaniambia kuko mwanamuke mu nyumba ya Elise, anapikia mu sufuria za Elise, eko na gauni muzuri. Nilikuwa nalala na hiyo. Nilisema, nikimuachia bwana yake, yule atakuwa bibi, na mutoto yangu atakuwa nini? Miaka yote ile, mama. Nilikuwa natamani ukauke."

Angèle alifumbua macho. Mzee alikuwa hatabasamu hata kidogo.

"Na leo nimekuya kumaliza," mama Kabedi akasema. "Nilisema nitabeba kitu ya mutoto yangu, niende nayo, nikuachie nyumba iwe yako, nisikanyage tena hapa. Sasa haitembee. Nitaibeba na nini, na kichwa?"

"Mama, tuitupe," Kalenga akasema.

"Nyamaza. Haitupwe." Akaligeukia gari, akarudi kwa Angèle. "Itabakia hapa. Hapa hapa, mbele ya macho yako. Hamuuze, hamukate chuma yake. Na mi nitakuwa nakuya kuiona, kila nikisikia hamu nitapanda basi, na weye utanipikia. Ulimuzuia Elise asitoke. Bien, ukae naye."

Halafu, kabla wajomba hawajajua nini kinatokea, akafungua fundo, akachovya vidole kwenye pemba, akampaka Séraphin mikono, akampaka kifua. Alisema yale maneno kwa haraka, kwa sauti ya mtu aliyechoka: nenda, tumekuachia, oa. Watu walipiga makofi machache ya kusitasita. Stanislas alipiga ya peke yake, akaacha.

Wakala, maana chakula kilikuwa kimeiva na safari ilikuwa mbele. Kalenga alifungwa mguu kwa kipande cha kitenge kipya alichokishona Angèle mwenyewe. Jua lilipoanza kulegea wakapanda basi, mama Kabedi dirishani, hakupunga mkono.

Gari lilibaki katikati ya uwanja, mlango wazi, kiti kimelala upande. Séraphin, pemba ikimkauka mikononi, aliingiza mkono dirishani akashika usukani, akaweka bega kwenye nguzo ya mlango. Alisukuma. Halikwenda. Mtaa mzima ulikuwa bado kwenye ua, unangoja kuona atamfukuza yule mwanamke au atamfanya nini.

Hakumtazama. Aliita kwa sauti ya kusikiwa na wote, bila utamu na bila hasira, kama mtu anayetaja jina la kitu kilichokwisha kuwa chake.

"Bibi yangu! Kuya usukume."

Ndilo neno lenyewe. Alikuwa amelingoja kanisani, sokoni, kitandani. Angèle alifungua viatu, akapandisha gauni jipya, akaenda nyuma ya gari. Buti ilikuwa wazi na harufu ya samaki ikampiga usoni. Akaweka mikono miwili pale alipokuwa ameinamia mama Kabedi, akamwonea wivu Elise kwa nguvu zake zote, akasukuma.